Fukusi wa Waridi Jekundu

Tangu nilipokabidhi kisu changu, ninyi mliobaki pepinyeri, bustani yetu ya miche, mmenijia mara nyingi mkitaka niandike jinsi kazi ya kupandikiza waridi ilivyokuwa enzi zetu. Kwanza nilikataa. Mtu anayeuliza sana habari za zamani mara nyingi anatafuta kosa la mtu. Lakini nimesikia mnavyosimuliana habari za Papa Anselme, wengine mkisema alikuwa mchawi, wengine mkisema alikuwa mtakatifu. Hakuwa kimoja wala kingine. Basi naandika. Jina la parokia silitaji, maana wengi wa watu hawa wangali hai na masikio yao ni mazima.

Mimi ni mtoto wa milima ya Nyabiondo. Kwetu mtu alilima maharagwe na muhogo, akabeba mgongoni alichovuna, akashuka nacho sokoni. Siku masista walipotafuta mwanamke wa kumwagilia miche, mama yangu aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Kazi ya maua?" aliniuliza. "Maua haikuliwake. Angalia muzuri, Sifa. Iko kintu banaficha mule."

Kwa hiyo siku ya kwanza niliingia pepinyeri nikitafuta kilichofichwa. Sista Consolata, aliyekuwa mkuu wa bustani, alinipa debe la kumwagilia na kunionyesha vitanda vya udongo vilivyoteremka mlimani kama ngazi. Palikuwa na miche ya parachichi, ya mikaratusi, na upande wa chini, karibu na kanisa, waridi. Waridi zilikuwa za altare, za arusi na za makaburi, na nyingi zilikwenda Goma. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara Mkatoliki kutoka upande wa Butembo, mwenye lori na duka. Papa Kambale alikuwa akinusa kila mche kabla ya kuupakia, hata kama hauna ua. Nilimuuliza ananusa nini. Akasema ananusa kama muuzaji anadanganya. Tukaelewana tangu siku hiyo.

Siku ya kwanza hiyo hiyo nilimwona Papa Anselme. Alikuwa amepiga magoti kwenye kitanda cha waridi, ametugeuzia mgongo, anafanya kitu na mikono yake ambacho hakuna aliyekiona. Benjamin, kapita wetu, aliyetugawia kazi kila asubuhi, alininong'oneza nisimkaribie.

"Ule ni muntu wa Walikale," alisema. "Wa mu pori. Alikuwaka muwindaji. Anajua majani mingi kupita padri."

Nilitazama kwa siku nyingi. Papa Anselme alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ndogo. Alisali kila Jumapili kwenye benchi la nyuma, lakini kabla ya kukata vijiti kwenye wigo wa zamani wa waridi mwitu uliozunguka shamba lililoachwa kule juu, alimwaga kwanza pombe kidogo ya ndizi chini. Halafu alipokuwa akipandikiza, alichukua kipande kidogo cha gome chenye jicho la waridi, pale chipukizi linapotokea, akakiweka katikati ya midomo, akakaa nacho hivyo kama mtu anayenong'ona bila sauti. Watu waliona hayo yote. Kila mtu aliyapa maana yake.

Mimi nina tabia ambayo mume wangu aliichukia na kazi iliipenda: siamini jibu ambalo sijaliuliza mwenyewe. Siku moja nilikwenda nikasimama mbele ya Papa Anselme, nikamuuliza sababu.

"Papa, juu ya nini unatuachiaka mugongo?"

Hakuinua kichwa. "Juu ya jua. Na upepo. Jicho ikikauka, imekwisha. Mugongo yangu njo kivuli yake."

"Na mu kinywa?"

"Mikono yangu iko mbili. Moja inashika kisu, moja inafungua gome. Jicho itangoja wapi? Mu vumbi? Mu kinywa iko na maji."

"Juu ya nini haukuelezeaka bantu?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Hawajaniuliza. Weye njo wa kwanza."

Akasogea kidogo, nikapiga magoti kando yake. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza, na mpaka leo sijui kama alinichagua au nilijichagua.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini niseme jinsi alivyoifundisha yeye, kwa sababu naona wengine wenu mmeanza kuifanya kwa haraka. Waridi zuri lina mizizi dhaifu kwa udongo wetu wa mlimani. Waridi mwitu lina maua madogo meupe yasiyo na bei, lakini mizizi yake haiogopi kitu. Basi shina linatoka kwa waridi mwitu, na jicho linatoka kwa waridi zuri. Unapanda kijiti cha waridi mwitu, unakingojea mpaka kinenepe kama penseli. Unachagua siku ambayo mvua imenyesha vya kutosha, gome likiguswa linaachia. Unachana gome karibu kabisa na ardhi, mkato mmoja wa kulala na mwingine wa kusimama. Unafungua kama mtu anayefungua koti. Unaingiza jicho, likiangalia juu. Unafunga kwa rafia au kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, ukiliacha jicho lenyewe wazi lipumue.

Na hapo usiamini chochote. Kwenye jicho unaacha kikonyo cha jani lililokatwa. Baada ya majuma machache unakigusa kwa kidole. Kikidondoka chenyewe, jicho limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, jicho limekufa, hata kama bado lina rangi ya kijani. Papa Anselme alisema jicho lililokufa linaweza kukudanganya kwa rangi kwa muda mrefu. Nilipenda somo hilo kuliko yote.

Tulikuwa na kesi ngumu pia. Baba mmoja wa Masisi alipanda waridi letu la manjano mbele ya nyumba kwa ajili ya arusi ya binti yake, siku ya arusi akakuta maua madogo meupe. Alikuja amekasirika, anasema tumemrogea binti asipate watoto. Papa Anselme alikwenda naye mpaka kwake, nami nyuma. Shina la waridi mwitu lilikuwa limetoa chipukizi lake kutoka chini, limekua haraka, limelinyima chakula jicho letu mpaka likafa, na mwenye nyumba alilimwagilia kwa upendo bila kujua analea mgeni. Papa Anselme alilichimbua mbele yake, akamwonyesha chipukizi lilikotoka. Yule baba alitazama, akatikisa kichwa, akasema bado anaona kuna mkono wa mtu. Binti, kwa taarifa yenu, alizaa mapacha. Baba akasema hata hilo lina maana yake.

Sasa nifike kwenye lile waridi jekundu.

Mti wake ulikuwa mmoja tu, kando ya kikanisa kidogo cha masista, wenye maua ya wekundu mzito usiopauka kwa jua. Papa Kambale alilipenda. Alileta oda kubwa kwa ajili ya kanisa jipya Goma, na Sista Consolata akaahidi kwamba oda hiyo ikikamilika, wale wanawake waliokimbia vita kutoka Kashuga na kufanya kazi kwetu kwa siku moja moja wangepata kazi ya kudumu. Walikuwa wanaishi kwenye mahema, na watoto wao walikuwa wanakula jioni tu. Kwa hiyo kitanda kile hakikuwa cha maua tu. Mimi na Papa Anselme tulipandikiza mfululizo, yeye akichana, mimi nikifunga. Benjamin naye, kwa moyo mzuri kabisa, alisomba mabua ya maharagwe akayatandaza juu ya udongo wa kitanda kile usikauke, kama Sista alivyoagiza.

Vikonyo vilidondoka vizuri. Macho yalikuwa yameshika. Tulifurahi, mimi kidogo, maana sipendi furaha inayokuja mapema.

Halafu asubuhi moja nilipita nikaona jicho moja halina katikati. Gome lilikuwa zima, kamba ilikuwa nzima, lakini pale ambapo chipukizi lingetokea palikuwa na kishimo chenye umbo la mwezi mchanga. Kama mtu amebonyeza kwa ukucha. Nikatazama la pili. La tatu. Kuelekea mwisho wa kitanda nikaacha kutazama, nikakaa chini.

Wote waliokuja waliona ukucha. Siku ile nilishangaa kuona watu wamekunja vidole. Wanawake walificha mikono ndani ya vitenge. Papa Kambale alikuja, akainama, akanusa, akatutazama mmoja mmoja, akaondoka bila kuaga. Tulipandikiza upya. Yaliliwa upya. Vitanda vingine, vya manjano na vya rangi ya waridi, havikuguswa. Ni jekundu tu. Na jekundu ndilo alilolishughulikia Papa Anselme.

Katika juma hilo hilo mke wa Benjamin, Mama Esperance, alipoteza mimba iliyokuwa karibu kutimiza siku zake. Nawaomba mkumbuke hilo kabla ya kumhukumu Benjamin. Alirudi kazini macho yake yakiwa kama ya mtu aliyepigwa, na mtu aliyepigwa anamtafuta aliyempiga. Alikuta macho ya waridi yamekufa mahali pale pale jicho linapozaa. Akayaunganisha mambo hayo mawili.

Alitukusanya saa ya kutoka kazini, jua likiwa bado lipo.

"Nauliza tu," alisema. "Nani kati yetu anawekaka jicho mu kinywa? Nani anafichaka mikono? Nani anamwangaka pombe chini, anazungumuza na benye hatuone?"

Watu wote waligeuka. Papa Anselme alikuwa anafuta kisu chake kwa kitambaa. Aliendelea kufuta.

"Benjamin," alisema, "nilikulilia mutoto wako. Nilikuja kwako na mukeka ya kulala matanga."

"Ndiyo, ulikuja! Uliingia mu nyumba yangu! Ulitafuta nini?"

Nilisema kwa sauti kwamba mimi nilikaa kando ya mzee huyu kila siku na sikuona ukucha wake ukigusa jicho. Mwanamke mmoja akanijibu kwamba nimeshafundishwa, basi siwezi kuona. Sista Consolata alisimama katikati akaomba watu waende nyumbani, lakini niliona midomo yake imekauka. Alikuwa anaogopa, na hakuwa anaogopa uchawi. Alikuwa anaogopa sisi.

Mawe yalianza kuanguka juu ya bati la Papa Anselme kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyejulikana kuwa ametupa. Asubuhi nilimkuta barabarani, mzigo wake begani, uso wake umevimba upande mmoja.

"Papa, usiende. Ukienda watasema njo weye kweli."

"Nikibaki watasema nini?"

Akaweka mzigo chini, akasema jambo ambalo nimelitafakari maisha yangu yote ya kazi.

"Angalia kile kitanda. Macho ikipona, batasema: unaona, mulozi amekwenda. Macho ikiendelea kufa, batasema: unaona, ameacha kintu. Kwa miye hakuna mulango. Lakini weye unapendaka kuuliza. Uliza kitanda, usiulize bantu."

Akashika njia ya Walikale.

Nilipandikiza peke yangu. Mikono ilikuwa mizito, nikakata kidole, lakini macho yalishika. Kisha yakaliwa. Benjamin alipoona, alitikisa kichwa kwa huzuni, si kwa hasira, akasema, "Ameacha kintu." Neno kwa neno, kama Papa Anselme alivyotabiri. Tangu hapo nilianza kumshuku kila mtu: Papa Kambale, labda ana bustani yake Goma, wanawake wa Kashuga, ingawa wao ndio wangepoteza, hata Sista. Nilimtazama mama yangu mzazi kwenye misa nikajiuliza usiku alikuwa wapi. Mashaka yakikosa kazi ya kufanya yanakula nyumba.

Ndipo nikakumbuka kukiuliza kitanda. Nilichukua chandarua kilichochakaa, nikakata vipande, nikafunika mashina machache mpaka chini kabisa, nikafukia pembeni kwa udongo. Mengine nikayaacha wazi. Yaliyofunikwa yalipona yote. Yaliyo wazi yaliliwa.

Benjamin alisimama juu yangu. "Chandarua inazuia ulozi sasa?"

"Kama inazuiwa na chandarua," nilimwambia, "basi ni ulozi yenye miguu."

Hakucheka. Lakini hakuondoka pia. Nikamwonyesha majani ya mashina kwenye kitanda kile. Pembeni yalikuwa yamekatwa vijino vijino, kama kitambaa kilichokatwa na fundi mlevi. Tulikuwa tumeyaona kila siku tukadhani ni mvua ya mawe.

Nilimweleza Sista Consolata. Alifikiri, kisha akaenda ndani akaleta shuka jeupe la kitanda chake mwenyewe. Alisema alipokuwa shule alifundishwa kutikisa mti wa kahawa juu ya kitambaa ili kuona wanaoishi humo, na kwamba alfajiri ndiyo saa nzuri, kabla walaji wa usiku hawajaenda kulala. Kulipopambazuka tulilitandaza shuka chini ya mashina ya kitanda kile, yeye akishika ncha moja, mimi nyingine, Benjamin akatikisa.

Vilianguka vidonge vya udongo. Vidogo, vya rangi ya kahawia, havisogei. Benjamin akasema, "Ni vumbi tu." Sista akataka kukung'uta. Nikamshika mkono. Vumbi linaloanguka kutoka kwenye jani lililooshwa na mvua, mimi siliamini.

Tulingoja. Kisha kidonge kimoja kikatoa mguu. Kikatoa mwingine. Kikainua pua ndefu, kikaanza kutembea kwenye shuka la Sista taratibu, kama mtu anayetoka kwenye matanga ya uongo. Vingine vikafuata. Walikuwa wadudu wa jamii ya fukusi, binamu wa wale wanaotoboa maharagwe ghalani, lakini hawa hawana mabawa ya kurukia. Wanapanda shina kwa miguu usiku, wanakula lililo laini kuliko yote, na ukiwagusa wanajifanya wamekufa.

Benjamin alipiga magoti. Alimtazama yule mdudu mpaka akafika ukingo wa shuka. Kisha akainua mabua ya maharagwe chini ya mashina. Walikuwa wamejaa humo.

Nilimwona akifahamu. Mabua yalikuwa yametoka shamba la mke wake, Mama Esperance. Wadudu walikuja nayo, ndiyo maana kitanda kile tu kiliguswa.

Jumapili baada ya misa Sista aliomba watu wabaki. Niliweka fukusi kwenye sahani ya bati, nikaipitisha. Watu waliinama, wakarudi nyuma, wakainama tena. Nilieleza habari ya chandarua, ya majani, ya shuka. Niliona nyuso zikilegea. Halafu mzee mmoja akauliza, kwa utulivu kabisa:

"Sawa. Banakula. Lakini nani alibatuma?"

Na mwanamke nyuma yake: "Na ile mabua ilitoka shamba ya nani?"

Nawaambia, niliogopa wakati ule kuliko siku ya mawe. Mama Esperance alikuwa amesimama kando ya mlango wa kanisa, bado amefunga kitambaa cha msiba. Mwanamke aliyepoteza mimba, mwenye shamba lililotoa wadudu: hadithi ilikuwa imeshajiandika yenyewe, ilikuwa inangoja jina tu. Benjamin alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

Sista Consolata alipanda ngazi moja ya kanisa.

"Miye njo niliagiza mabua iletwe," alisema. "Kitanda ni ya miye, mabua ni ya miye. Mwenye anatafuta mulozi, aanze na miye. Niko hapa, na mawe iko mingi kwenye barabara."

Ni kweli kwamba yeye ndiye aliyeagiza matandazo. Hakusema uongo hata kidogo. Hakuna aliyeinama kuokota jiwe. Mzee akakohoa, akasema fukusi kweli ni mdudu mbaya, babu yake alikuwa akisema hivyo. Watu wakaanza kuondoka. Mama Esperance aliingia tena kanisani, akakaa humo muda mrefu, na Benjamin alikaa kwenye ngazi akimngoja.

Tuliondoa mabua, tukaleta kuku wa masista kitandani, tukafunga kwenye kila shina pete ya ganda la mgomba iliyopakwa grisi ya lori la Papa Kambale. Fukusi walinasa humo. Waridi jekundu lilifika Goma, na wanawake wa Kashuga walipata kazi yao. Wawili mnawajua, walistaafu kabla yangu.

Mimi nilipanda pikipiki kwenda Walikale. Safari ile sitaieleza yote. Njia ilikuwa matope, na kwenye kila kizuizi niliulizwa nafuata nini, na nilipojibu kwamba namfuata mpandikizaji wa waridi waliniona mwongo. Msitu ulipoanza kufunga juu yetu, hata mwendesha pikipiki alianza kunitazama kwenye kioo.

Nilimkuta kijijini kwa ukoo wake, ameketi mbele ya nyumba ya miti, anachonga mpini. Aliponiona hakuinuka. Alitazama njia nyuma yangu.

"Nani anakufuata?"

"Hakuna muntu, Papa."

"Nani alikutuma?"

"Nilijituma."

"Muntu hajitumake mpaka huku."

Nilitoa kichupa nilichokuwa nimebeba, nikamimina fukusi mkavu kwenye kiganja chake. Alimgeuza kwa kidole. Nikamweleza yote, tangu chandarua mpaka ngazi ya kanisa. Alisikiliza bila kunitazama, na nilipofika kwenye swali la yule mzee, nani alibatuma, alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, kisicho na furaha nyingi.

"Fukusi mumewapata," alisema. "Na benye walitupa mawe?"

"Hawajulikani."

"Unaona. Ule mududu anajifanya amekufa, ukingoja anatembea. Bantu banajua kungoja kupita ule mududu. Sitarudi, Sifa."

Nilimsihi. Nilimwambia Sista anamwomba, Benjamin anamwomba. Alipeleka mkono hewani kama mtu anayefukuza moshi. Lakini alinionyesha kitu nyuma ya nyumba: machungwa aliyokuwa ameyapandikiza kwenye mashina ya ndimu kali, na wanawake wa ukoo wake wakifunga kamba. Nilikaa nao mpaka mvua ilipopungua, nikajifunza machungwa. Machungwa yote mnayoyapandikiza leo yalianzia pale. Nilipoaga alinisindikiza mpaka mwisho wa migomba, si hatua zaidi, na alisimama akihakikisha pikipiki imeondoka na mtu mmoja tu nyuma.

Miaka ilipita. Vita vilikuja vikaenda, tulikimbia mara kadhaa, tulirudi, tukapanda tena kilichokanyagwa. Sista Consolata alizeeka, akafa kitandani mwake, jambo ambalo si dogo kwetu. Tulituma habari kila upande.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka nje. Tulipotoka makaburini nilimwona Papa Anselme amesimama peke yake kando ya kitanda cha waridi jekundu, fimbo mkononi, nywele zote nyeupe. Watu waliojua walijua. Wasiojua waliulizana. Hakuna aliyemkaribia.

Benjamin naye alikuwa mzee. Alipita katikati ya watu, akaingia nyumba ya zana, akatoka na kiti na kikombe cha maji. Akaweka kiti. Papa Anselme hakukaa.

"Papa," alisema Benjamin, "nilikukosea. Ulikuja kunililia mutoto na miye nikakufukuza. Sina maneno mingine."

Papa Anselme alikitazama kikombe. Mnajua kwetu: hata kati ya marafiki, mtu hapokei maji ambayo mwenyeji hajayaonja, maana sumu inaogopwa kuliko risasi. Benjamin alielewa. Akanywa yeye kwanza, funda kubwa, watu wote wakiona, akafuta ukingo kwa shati lake, akanyoosha mkono.

Papa Anselme hakupokea. Akanigeukia mimi.

"Sifa, onja na weye."

Nilikunywa. Yalikuwa maji ya mlimani, baridi, yenye ladha ya bati. Nikamrudishia Benjamin kikombe, kwa sababu niliona kwamba kisipotoka mkononi mwake hakitakuwa na maana. Benjamin alisimama amekinyoosha, na Mama Esperance akaja akasimama kando yake.

Mzee aliwatazama wawili hao. Kisha akapokea kikombe, akanywa mpaka mwisho, akakigeuza chini juu kuonyesha hakuna kilichobaki.

"Maji iko muzuri," alisema.

Benjamin alimwomba alale kwake, kitanda kilikuwa tayari. Papa Anselme alimshukuru, akachukua fimbo yake, akaenda kulala kwa ndugu zake ng'ambo ya mto, kama alivyokuwa amepanga tangu mwanzo.